Hamu ya Bibi

Jumapili, 5 Oktoba

Napenda siku za mashine. Sijawahi kumwambia mtu. Naona haya hata kuandika. Bibi anachomwa sindano mbili mkononi, damu inatoka, inasafishwa, inarudi, na mimi pembeni nafurahi. Sababu hawezi kuinuka. Nyumbani kila mtu anamtaka. Hapa kituoni ni wangu.

Shuleni sifungui mdomo, si kwa Kiarabu si kwa Kiingereza. Hapa nacheka mpaka nesi anatuangalia. Bibi Kiarabu anakisikia, lakini anajibu kwa Kiswahili chake cha Unguja tu. Mimi ndiye mkalimani. Ananiita mke mwenzangu, kama kwamba babu yu hai tunamgombania. Leo: "Babu yako angeiona miguu hiyo mikavu, angekupa talaka papo hapo."

Kitabu cha hisabati sikukifungua.

Jumanne, 7 Oktoba

Habari mbaya. Wanataka kuziondoa mashine hapa Samad. Wizara ya afya, kule Maskati, inasema kwa mageuzi mapya mashine zote zikae Ibra, hospitali kubwa, kwenye madaktari. Ofisi ya mkoa inasema aka, hapana, mageuzi hayohayo yameupa mkoa amri juu ya vituo vyake. Baba kapiga simu kutoka Nizwa, kazini kwake. Anasema pande zote mbili zina haki. Sikupenda.

Basi la kuwapeleka wagonjwa Ibra litapita alfajiri. Halichukui msindikizaji.

Nilimwambia Bibi. Akajibu: "Mie Ibra sendi." Nikasema bila mashine mtu haishi. Akasema, "Najua."

Lile "najua" limenitisha.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimeharibu.

Bwana mmoja wa wizara kaja kituoni, kilemba safi, ananukia udi. Bwana wa mkoa nyuma yake. Wanabishana kwa adabu, miguuni pa Bibi. Hospitali zenu, vituo vyetu. Vituo vyenu, mashine zetu. Mwisho wa mkoa akasema, muulizeni mgonjwa mwenyewe.

Yule wa Maskati akainama. Alikuwa mpole, kama anasema na mama yake. Akauliza Ibra itamsumbua? Bibi akatazama dari.

"Sina hamu."

Akanigeukia mimi. "Ma indha hamm?"

Kwa Waarabu hamm ni wasiwasi, dhiki ya moyo. Alisikia kuwa Bibi hana wasiwasi. Kwa Bibi hamu ni kutaka kitu. Hataki. Hataki tena chochote. Nilijua. Nilijua palepale. Watu wazima wananitazama. Nikaitikia kwa kichwa.

"Alhamdulillah," akasema, akamvuta mwenzake mlangoni, mbali na Bibi. "Umesikia? Mwenyewe hana neno."

Walipotoka Bibi akauliza nimewaambia nini. Nikasema, ulivyosema wewe.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mama kapika samaki wa kupaka kwa ajili yake, nazi kidogo tu. Bibi kaisogeza sahani. "Sina hamu, mwanangu."

Niliingia chooni nikalia, bomba limefunguliwa.

Jumapili, 12 Oktoba

Bibi kakataa kwenda kwenye mashine. "Ya nini nikizoee kiti kinachoondoka?" Mama kambembeleza. Mimi nimembembeleza. Baba kamsihi kwenye simu. Kageukia ukuta.

Jioni miguu imevimba, nikibonyeza kidole kinaacha shimo. Anahema kama kapanda ngazi.

Ni mimi. Mabwana wale wanagombea amri. Lakini kichwa kilichoitikia ni changu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Baba kaja usiku kutoka Nizwa. Nilimwambia yote. Hakunigombeza, bora angenigombeza. Kasema leo kuna mkutano kwenye sabla, ukumbi wa mtaa, wizara na mkoa mbele ya watu. "Nitasema mimi," kasema. Nikasema hapana. Sijui nani alisema ndani yangu.

Wanawake tulikaa nyuma. Bwana wa Maskati akaeleza kwa upole, akasema wagonjwa wenyewe wameridhika, bibi mmoja kamwambia kwa mdomo wake.

Nikasimama. Kiarabu changu kikatoka na ulimi wa nyumbani. Nilisema hamu ya Bibi si hamm yenu. Alisema hana haja tena, ya Ibra wala ya mashine. Jana hakuja. Mimi ndiye mkalimani, mimi ndiye niliyeitikia.

Mtu akacheka: "Hawa wa Zinjibar hawa, Kiarabu chenyewe kinataka mkalimani!" Watu wakacheka pia. Sikukaa.

Bwana wa Maskati hakucheka. Alivua miwani. "Yuko wapi sasa?"

"Nyumbani. Kavimba."

Akamwambia wa mkoa, sisi tutagombana baadaye, kwanza mama huyu aje kwenye mashine. Wa mkoa akasema gari natoa mimi. Ndiyo mara ya kwanza nimewaona wamekubaliana.

Bibi alipoliona gari mlangoni alikataa. Baba akamweleza nilichofanya. Akanitazama, akaomba buibui lake.

Jumanne, 14 Oktoba

Wamempa mashine tena leo, maji bado mengi mwilini. Amechoka lakini anazungumza.

"Kumbe una sauti! Babu yako leo kakuchagua wewe, mie kaniwacha."

Kisha: "Yaani miaka yote hii nikiwaambia Waarabu sina hamu, wananiona nimeridhika?" Akacheka, mkono ukatikisika, mashine ikapiga kelele, nesi akaja mbio. Tukagombezwa wote wawili.

Ijumaa, 17 Oktoba

Baba ametusomea barua. Mashine zinabaki mpaka wizara na mkoa wapatane, na zikihamishwa kila mgonjwa atakuwa na mtu wake ndani ya basi. Wapatane lini, haikuandikwa. Labda mwakani tutakuwa njiani kwenda Ibra, giza bado, mimi na yeye. Si mbaya.

Wanaume wamerudi kutoka msikitini. Nyumba inanukia iliki. Tangu asubuhi Bibi yuko jikoni amekaa kitini, anamwamrisha Mama. Amesema ana hamu ya mkate wa kumimina. Kipande kidogo, ameruhusiwa. Alisema hivyohivyo: nina hamu.

Kandambili za Bibi zinaburutwa ukumbini. Ananiita, mke mwenzangu, njoo unionjee.

Akiusoma ule mstari wangu wa kwanza, wallahi. Daftari chini ya mto, haraka