Nilizunguka Juu ya Sabaki Mara Sita

Kaka Katana,

Ulisema kweli kuhusu mto. Naanza na hilo kwa sababu nilikubishia, tena kwa ule ubishi wangu wa kufungua kitabu na kukuacha uongee peke yako. Uliniambia kwamba mtu akiwa juu, Mto Sabaki hauonekani kama mto unaoingia baharini. Unaonekana kama chai ya maziwa iliyomwagika juu ya shuka la buluu, na bahari inakataa kuinywa. Nilidhani umetia chumvi. Jumamosi iliyopita niliuona, kutoka futi elfu mbili, mikono yangu ikiwa kwenye usukani ule ulioutengeneza kwa mabomba ya maji.

Ndiyo, mimi. Usicheke kwanza. Nakueleza kwa mpangilio.

Baada ya kukuzika, nyumba ilinyamaza. Baba alirudi kazini Mombasa. Mama huamka, hulima, hupika, na jina lako halitaji. Mimi sikuwahi kuwa na maneno mengi, wewe unajua, kwa kuwa ulikuwa unayasema yote kwa niaba yangu. Dukani ulisema, "Anataka sukari nusu." Kwa daktari ulisema, "Linamuuma hili sikio la kushoto." Siku ya maziko shangazi aliniuliza kama nimekula, nami nikageuka upande wako ili ujibu. Niligeuka kweli, Kaka. Shangazi aliona, akaondoka haraka akidai anatazama sufuria.

Mwezi wa tano tangu uondoke, Bi Zuhura wa chama chenu cha Jumamosi alimpigia Mama simu. Alisema kiti chako hajampa mtu, na kama mdogo wake Katana anataka kujiunga, aje. Mama akanipa simu niongee mwenyewe. Nilitikisa kichwa kukubali, kana kwamba simu ina macho. Bi Zuhura alisubiri, kisha akasema, "Haya, nimesikia. Jumamosi saa nne asubuhi."

Kumbe ndivyo ulivyokuwa ukiishi Jumamosi zako! Nilidhani chama cha warusha ndege wa kompyuta kina jumba na kibao mlangoni. Ni chumba cha nyuma cha nyumba ya Bi Zuhura, mtaa wa Shella hapa Malindi, skrini tatu, viti vya plastiki, na feni inayogeuka kama shingo inayouma. Pazia la maua linatenga chumba na jiko. Jikoni ndiko kwenye mnara: Bi Zuhura hukaa huko na hedifoni zake juu ya ushungi, akiongoza ndege zetu kama alivyoongoza za kweli kabla ya kustaafu, huku mkono mmoja ukikoroga mchuzi. Ukutani kumeandikwa kwa mkono wake: ATAKAYEITA HUU MCHEZO ATAFUA MAPAZIA.

Omari, fundi wa mafriji, aliponiona alisema, "Huyu ndiye mdogo wake Katana? Basi Katana alimaliza maneno yote ya nyumba, huyu akaachiwa nukta."

Walicheka, nami nilicheka kidogo, kwa sababu ni kweli.

Jumamosi tatu za kwanza nilisoma tu na kutazama. Nilipata kile kitabu chako cha maelezo. Pembeni umeandika kwa kalamu nyekundu, "Pole pole, wewe!" na ukurasa unaofuata, "Pole pole nimesema!" nikajua unajikaripia. Nilijifunza kupaa. Nilijifunza kwamba ndege haipigani na upepo, huugeuzia uso. Bi Zuhura alinipa jina la angani, kama anavyompa kila mtu jina la ndege mwenye mabawa. Wewe ulikuwa Mwewe. Mimi ni Chozi, yule mdogo anayenyonya maua. Sijui kama aliifikiria ile maana nyingine.

Jumamosi ya nne akaniambia, "Leo utatoka Mombasa uje Malindi peke yako. Na utaongea na mimi. Ndege isiyojitambulisha siijui, haitui kwangu." Halafu akaongeza kwa upole kwamba kuna wanafunzi wawili wa Kilifi wanaosubiri nafasi, na kiti hiki amekiweka kwa muda mrefu kwa ajili yako. Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Nikishindwa kusema, kiti chako kinaenda.

Marubani wa kweli husema Kiingereza, lakini Bi Zuhura anataka kila mtu aanze kwa Kiswahili, ili ajue anachokisema. Niliandika sentensi yangu kwenye karatasi: "Mnara wa Malindi, hapa Chozi, niko juu ya Sabaki, naomba ruhusa ya kutua." Maneno kumi na matatu. Nimewahi kukariri mashairi marefu kuliko hayo.

Nikapaa.

Kaka, kwa nini hukuniambia vizuri? Au uliniambia nami nikawa nasoma? Ardhi ilishuka chini yangu bila kelele na pwani yote ikajifungua. Mawimbi yanayovunjika kwenye miamba yalikuwa mstari mmoja mweupe, umechorwa na mtu asiyeinua kalamu. Nilifika Kilifi, ule mkono wa bahari ukaingia bara, buluu hadi ndani kabisa, na daraja juu yake kama njiti ya kiberiti. Mbele zaidi msitu wa Arabuko ulilala mweusi, mkubwa, halafu mikoko ya Mida ikiwa na vijito vyake kama mishipa ndani ya jani. Mahali ambapo tulitembea nusu siku tukiwa wadogo, wewe ukinibeba mgongoni, nilipapita kabla sijameza mate. Najua ni picha kwenye skrini. Omari alikuwa akila mhogo nyuma yangu, nikiusikia unavyokatika. Lakini vinyweleo vilinisimama mikononi. Nilifikiri, tunakaa ndani ya kitu kizuri namna hii, na kila siku tunatazama miguu yetu tu.

Nikapita Malindi kwenda kaskazini ili nigeuke na kutua nikiukabili upepo wa kusini. Hapo ndipo nilipouona mto. Chai ya maziwa. Ilikuwa imeenea baharini mbali sana, na ukingo wake ulikuwa wazi, rangi mbili zimegusana bila kuingiliana. Na kando ya mto, kijani kidogo. Shamba letu, au la jirani, lakini nimeamua ni letu.

Wakati wa kusema ukafika. Nikabonyeza kitufe. Sauti haikutoka.

Nikazunguka. Nikabonyeza tena, nikasikia pumzi yangu mwenyewe kwenye maiki. Nikazunguka tena. Mara ya tatu Omari aliacha kula. Mara ya nne akaninong'oneza, "Dada, mafuta." Bi Zuhura hutia mafuta ya safari na ya ziada kidogo tu, makusudi, na mshale ulikuwa unakaribia wekundu. Nyuma ya pazia kijiko kilikuwa kimenyamaza. Nilijua ananisikia ninavyopumua. Mara ya tano macho yalijaa, mto ukawa ukungu. Nilitazama upande wa kulia. Kiti cha rubani msaidizi kilikuwa kitupu.

Katika mzunguko wa sita ndipo nilipoelewa kilichonikaba. Haikuwa aibu peke yake. Ni ile sentensi. Nilikuwa ninamwendea mama mtu mzima, nyumbani kwake, nimwombe kitu, na neno langu la kwanza liwe kutaja mahali nilipo, bila hata salamu? Ulimi wangu ulikataa. Mama hakutulea hivyo. Nikabonyeza kitufe, nikaifunika karatasi kwa kiganja, nikasema:

"Mnara, shikamoo."

Omari alipaliwa na mhogo.

Halafu sauti ya Bi Zuhura ikaja masikioni, taratibu, kama yuko barazani na jua la asubuhi. "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Mama hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu."

"Na mahindi?"

"Yametoka vizuri, ila nyani."

"Jamani mafuta!" Omari alipiga kelele. "Nyie wawili, mafuta!"

"Wewe Omari, mtoto ananiamkia," Bi Zuhura akasema. "Haya mwanangu, sema shida yako."

Na yale maneno kumi na matatu yakatoka yote, kwa mstari, bila kujikwaa. Akanijibu, "Chozi, ruhusa unayo, upepo wa kusini, karibu Malindi." Nikairudia ruhusa kama inavyotakiwa. Sauti yangu nilikuwa naisikia kwenye hedifoni, na nilishangaa ni nene kuliko nilivyodhani. Nyumba zikakua, minazi ikasimama, njia ya ndege ikanijia. Nilidunda mara mbili. Omari akatangaza kwamba abiria wote wamemeza meno. Kisha nikasimama, nikiwa na mafuta ya kuwashia taa tu.

Bi Zuhura alitoka jikoni, pembe ya kanga ikiwa machoni. "Miaka yangu yote mnarani," alisema, "sijawahi kuamkiwa na rubani hata mmoja." Halafu akajikaza. "Lakini angani hakuna shikamoo. Siku nyingine niamkie mlangoni unapoingia." Kiti ni changu sasa. Hao wa Kilifi, Omari anawaundia kingine.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa akipalilia. Aliniuliza kama kawaida, "Kulikuwaje?" na kawaida yangu ni "Kuzuri," kisha naingia ndani. Safari hii nilikaa juu ya tuta nikamwambia. Nilimwambia kuhusu daraja, msitu, mikoko, rangi ya mto, mshale wa mafuta, nyani. Jembe lilisimama. Akauliza, "Na shamba letu?" Nikasema ni kijani kidogo, kama ukucha.

"Katana naye aliniambia ukucha," Mama akasema. "Nikamwambia aache uongo wake, akachote maji."

Alilisema jina lako, Kaka. Alilisema kisha akacheka, halafu akaketi pale pale kwenye udongo, leso usoni, nami nikasogea karibu. Tulikutaja mpaka tukachoka. Alinisimulia mambo yako niliyokuwa siyajui. Mwishoni akajifuta, akauliza kama ile ndege ina nafasi ya mtu mwingine. Nikamwambia kiti cha kulia kipo. Akasema anaogopa urefu. Nikasema, "Mama, ni chumba cha chini." Akasema hata hivyo.

Basi naaga. Jumamosi hii anakuja, amekwisha kuipiga pasi ile kanga yake ya safari. Akishika kiti kwa woga nitamshikisha mkono wangu. Huwezi kuwa pale kumwambia hiki ni nini na kile ni nini, na mimi bado nalia nikilifikiria hilo. Lala kwa amani, kaka yangu. Nakuahidi, Mombasa hadi Malindi, sitamwacha na kimya hata kidogo. Nitaongea njia nzima.

Mdogo wako,
Kadzo