Vidole Vinne Chini ya Madigadi

3 Machi

Kwa Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote walio nyumbani kwako. Sisi huku hatujambo, isipokuwa Baba, ambaye macho yake yamezidi kufifia. Siku hizi hutambua watu kwa sauti na vitu kwa kupapasa.

Najua kwamba miaka kumi na moja si siku kumi na moja, na kwamba simu zangu hupokei. Ndiyo maana nimempa barua hii dereva wa lori la vipuri, ambaye anasema bado anapita karakana kwako.

Bi Mkubwa ameinama. Gari lile la Baba, ambalo wateja hulitambua kabla hawajasoma bango letu, limeshuka mbele hata unaweza kudhani linatafuta kitu lilichoangusha sakafuni. Nimebadilisha shokapu za mbele mara mbili na bushi mara moja, bila mafanikio. Fundi wa bodi ananishauri nilishushe na nyuma, ili watu wadhani tumekusudia.

Jumamosi ya tarehe 28 Juni, Baba atanikabidhi karakana mbele ya mafundi wote na wateja wa zamani, na ameagiza Bi Mkubwa awe katikati, amesimama kama alivyosimama enzi zake. Unajua atakachofanya: atapitisha vidole vinne kati ya tairi na madigadi, na visipoingia hatanikabidhi hata spana. Katika ukoo mzima hakuna anayeijua miguu ya gari lile kama wewe. Nisaidie, Dada.

Ni mimi, mdogo wako.

*

19 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi ni mzima. Karakana yangu nayo ni nzima, ingawa hukuiuliza. Mfikishie Baba pole zangu kwa macho.

Usinivike kilemba cha ukoka. Twende kwenye kazi. Shokapu hazibebi gari, hutuliza mtikisiko tu. Kubadilisha shokapu mara mbili kwa gari lililoinama ni kumnunulia viatu vipya mgonjwa wa goti. Uzito wa mbele wa Bi Mkubwa unabebwa na nondo mbili za chuma zilizolala chini ya sakafu yake, moja kila upande. Ncha moja ya nondo imeshika mkono wa gurudumu, nyingine imefungwa kwenye chasisi. Gari linapolemea, nondo husokoteka na kulisukuma juu. Baba alitufundisha sote wawili siku moja, tumekaa juu ya matairi chakavu. Mimi niliandika. Wewe ulikuwa unasinzia.

Kwanza, lisogeze gari kwenye sehemu ya sakafu iliyo sawa na ujaze tairi upepo unaotakiwa. Kisha pima kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pande zote mbili. Halafu tazama zile skrubu za kupandishia kimo, uniambie zimebaki na nafasi kiasi gani. Mwisho, nijibu hili moja bila kuzunguka: vifuniko vya ncha za nondo vimewahi kufunguliwa tangu nilipoondoka?

Yote uyaandike kwa mkono wako. Na gari hilo lisitoke barabarani hata kwenda dukani, hapo sitanii.

Dada yako.

*

6 Aprili

Kwa Dada mpendwa,

Shikamoo, na ahsante kwa kunijibu. Baba anakusalimu, au niseme alinyamaza nilipokutaja, jambo ambalo kwake ni karibu na salamu.

Nimefanya yote. Sakafu ni sawa na tairi zina upepo wake. Upande wa dereva nimepata sentimita thelathini na sita, upande wa pili thelathini na saba, ilhali kitabu cha Baba kinadai arobaini na moja. Skrubu za kimo zimefika mwisho pande zote. Hakuna hata nusu mzunguko uliobaki. Kuhusu vifuniko, naapa havijaguswa na mkono wa mtu tangu ulipoondoka. Grisi na vumbi vimeganda juu yake kama gamba.

Sasa niambie ugonjwa ni nini. Na yaliyopita, Dada, tuyaache. Sisi ni damu moja.

Mdogo wako.

*

2 Mei

Dada,

Shikamoo. Je, u mzima? Dereva amepita mara tatu mikono mitupu. Kadi za mwaliko zimeshatoka. Baba anauliza kila asubuhi kama Bi Mkubwa amenyanyuka. Kama ni hasira, zipunguze hadi Julai.

Mdogo wako.

*

20 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Nilikuwa mzima wakati wote huo. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka uonje kidogo ladha ya kusubiri neno moja kutoka kwa ndugu yako.

Umeandika kwamba yaliyopita tuyaache. Wewe uliyaacha, mimi niliyabeba. Kwa kuwa kumbukumbu yako ina usingizi uleule wa siku ya matairi chakavu, nitakukumbusha kwa utaratibu.

Nondo za Bi Mkubwa zilitolewa kusafishwa, zikarudishwa siku ambayo mimi nilikuwa nimetumwa kufuata vipuri. Kesho yake gari lilipiga magoti langoni, mbele ya wateja. Baba akauliza nani amefunga nondo. Ukanitazama usoni, ukasema: "Dada." Baba akasema, watu wakisikia, kwamba hayo ndiyo matunda ya kumpa mwanamke spana. Nikamsihi kitu kimoja tu. Kila fundi wa karakana ile huweka tone la rangi yake kwenye kitu alichokifunga; changu kijani, chako njano. Nikamwomba afungue kifuniko atazame rangi. Akajibu kwamba hafungui gari lake kwa ajili ya ugomvi wa watoto. Sanduku langu la zana likabebwa hadi nje ya lango, na aliyelibeba ni wewe, ukipiga mluzi. Baadaye mkapandisha kimo kwa skrubu, kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, hadi skrubu zikaisha. Sasa ukweli umekaa sentimita tano chini ya mahali pake, na umeupima kwa mkono wako mwenyewe.

Nimeambatanisha bahasha iliyofungwa. Ndani yake mna dawa. Asubuhi yoyote kabla ya tarehe 28, wakusanye Baba na mafundi, vifuniko vifunguliwe mbele yao, kisha uifungue bahasha na kuisoma kwa sauti, kuanzia salamu hadi saini. Ukifanya hivyo, dawa nzima utaipata. Usipofanya, utapata unachostahili.

Dada yako.

*

19 Juni

Kwa Dada mpendwa,

Shikamoo. Habari za siku nyingi? Huku ni kheri tupu.

Nisamehe, bahasha niliifungua mwenyewe. Baba ana shinikizo la damu, na daktari amekataza habari za kumshtua. Kumkusanyia watu asubuhi kwa mambo ya kale kungekuwa ukatili. Nimeisoma peke yangu na kuifuata neno kwa neno. Ulisema kweli: kila nondo ina alama ya upande wake kwenye ncha, na zilikuwa zimepishana, ya kushoto kulia na ya kulia kushoto, kwa hiyo kila moja ilisokotwa kinyume na ilivyozaliwa. Jana nimezirudisha mahali pake. Bi Mkubwa amenyanyuka. Vidole vinne vimeingia hadi kwenye kiganja. Nimemfunika turubai, na nimekataza mtu yeyote kumfunua hadi siku ya siku.

Nasikitika kukuarifu jambo moja. Kwenye ncha za nondo nimekuta rangi ya kijani. Huenda ulisahau, Dada. Ni miaka mingi. Nitawaeleza wageni kwa heshima kwamba lilikuwa kosa lako la ujanani, nami nimelirekebisha. Sitatia chumvi.

Mdogo wako, mkuu wa karakana mtarajiwa.

*

24 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba, mkuu mtarajiwa. Nimemwagiza dereva akukabidhi barua hii Jumamosi asubuhi, si kabla. Kama anakutazama unapoisoma, mruhusu. Ameingojea kwa hamu.

Kopo langu la kijani liliondoka ndani ya sanduku ulilolibeba hadi langoni. Hadi leo liko kwenye rafu yangu. La kwenu umelinunua lini?

Nilijua utaifungua bahasha. Kwa hiyo niliweka humo nusu ya dawa, na nusu ya pili ni hii: nondo iliyosokotwa kinyume kwa miaka kumi na moja haina tena nguvu ya kuzaliwa nayo. Ukiirudisha upande wake itasimama kwa heshima siku chache, kisha italegea na kushuka kupita ilivyokuwa. Ilitakiwa kutupwa na kufungwa mpya. Laiti ungesoma kwa sauti, nondo mpya zingekufikia wiki ileile. Ziko hapa karakana kwangu, zimefungwa kwenye karatasi ya mafuta. Kwa uzito wa Bi Mkubwa nakadiria siku nane hadi kumi. Leo unapoisoma barua hii, chini ya turubai lako, ni siku ya kumi.

Gari lisiwashwe wala lisisukumwe. Nilikusudia uaibike, sikukusudia mtu aumie.

Baba atanyoosha mkono. Sababu atakayoiuliza iko mfukoni mwako, kwa mwandiko wangu. Utachagua mwenyewe kama utaisoma.

Dada yako.

*

5 Julai

Dada,

Shikamoo. Sitakuuliza hali, maana naamini ni njema.

Nilikuwa nimeshawahutubia wageni kuhusu kosa lako kabla dereva hajafika. Walitikisa vichwa kwa huruma. Mteja mmoja mzee alinisifu kwa kuwa na moyo mpana. Kisha nikapewa barua yako, nikaisoma nimesimama, nikaitia mfukoni. Turubai likavutwa. Bi Mkubwa alikuwa amelala kifudifudi.

Baba aliletwa, akapapasa madigadi, akajaribu vidole vinne, akajaribu vitatu. Viliingia viwili. Akauliza nani alifunga nondo mara ya kwanza, nami, Dada, nikasema tena ni wewe, na kwamba rangi ipo. Safari hii akaagiza kifuniko kifunguliwe. Fundi wa bodi akaingia uvunguni na kitambaa chenye petroli, akasugua ncha, akampelekea Baba kitambaa. Baba akakinusa, akakinusa tena.

Akasema, "Rangi ya miaka kumi na moja hainuki hivi."

Na fundi wa bodi, ambaye hajawahi kujua wakati wa kufunga mdomo, akasema akiwa bado uvunguni, "Mzee, chini ya kijani kuna njano."

Dereva akamweleza Baba kuhusu barua ulizonitumia, na Baba akataka nizisome zote, mbele ya watu wale wale, kuanzia salamu hadi saini. Nilisoma. Nilipofika pale aliposema matunda ya kumpa mwanamke spana, aliniamuru nirudie. Nilirudia mara tatu, na mara ya tatu nadhani hakuwa akinisikiliza mimi. Kisha akasema sanduku langu la zana litolewe nje ya lango. Hakuna aliyejitolea kulibeba, kwa hiyo nililibeba mwenyewe. Ni zito kuliko nilivyokumbuka lako.

Karakana hajamkabidhi mtu. Funguo anazishika mkononi hata akiwa amelala. Ameniagiza nikuandikie neno moja: rudi.

Mdogo wako.

*

21 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu: ya kwanza kwa haraka, ya pili kwa raha, na ya tatu kwa sauti mbele ya mafundi wangu. Mmoja aliomba nirudie pale kwenye kitambaa.

Mwambie Baba nimelipokea neno lake, na sirudi kwa neno lililopitia kinywani mwako. Alinitoa kwa sauti yake, mbele ya watu, langoni. Lango langu nalo lina nafasi ya kutosha watu kusimama, na dereva wa lori ana kiti cha abiria. Aje asimame hapo aliseme mwenyewe. Nitamwandalia kiti, na sitamharakisha.

Nondo mpya nimezituma. Fundi wa bodi azifunge, wewe umshikie taa. Ile ya kushoto nimeiandika KUSHOTO, kwa herufi kubwa, kwa rangi ya kijani. Imekauka.

Dada yako, fundi.