Moyo Uliougua Kimya

Jumatatu, 3 Machi

Nimefungua duka mapema. Nimeuza dawa ya kupe na chumvi ya ng'ombe. Nikisimama kutoka kwa stuli, kizunguzungu. Jasho jingi, na Kitengela leo kuna baridi. Wambui anasema ni sukari. Kwa mke wangu kila kitu ni sukari. Niko nayo miaka mingi na bado niko hapa.

Jumatano, 5 Machi

Nimetapika dukani. Wambui amefunga duka bila kuniuliza, akanipeleka hospitali. Nimenuna njia nzima.

Waya kifuani, karatasi ikatoka kwa mashine. Daktari, msichana mdogo kuliko kitinda mimba wangu, anasema nimepata mshtuko wa moyo. Si leo, siku kadhaa zilizopita. Nikamwambia haiwezekani, sijaumwa mahali popote. Akanishika mkono, akaniambia nivute pumzi ndefu, niachilie. Mapigo hayakubadilika. Ya mtu mwenye afya hupanda na kushuka akipumua hivyo.

Anasema kuna mishipa ya fahamu inayojiendesha yenyewe. Hakuna anayeiamuru. Ndiyo inaongeza mapigo na kupunguza, inatoa jasho, inapandisha damu mtu akisimama. Ndiyo pia inapeleka habari ya maumivu kutoka kwa moyo. Yangu imeharibiwa na sukari. Moyo uliumia, habari haikufika.

Nimelazwa. Naogopa.

Ijumaa, 7 Machi

Parsaloi amekuja kutoka Kajiado na supu. Mwenzangu wa rika, tulitahiriwa asubuhi moja. Ameambia wodi nzima vile sikupepesa jicho mbele ya kisu. "Sasa moyo ni nini kwa huyu?" Wagonjwa wamecheka. Hata mimi nimejisikia mwanaume. Upuzi mtupu.

Akisimama kuondoka nimeona damu sakafuni. Msumari ulikuwa umepenya akala zake za tairi ukamwingia mguuni, na hakuwa na habari. Ameung'oa akicheka. Yeye pia ni wa sukari. Mimi sikucheka.

Alhamisi, 13 Machi

Niko nyumbani. Vidonge asubuhi, vidonge jioni. Nimempigia Parsaloi, nimemwambia aende apimwe moyo.

"Nitaenda ukiuma."

Hautauma! Hiyo ndiyo shida yenyewe, nikamwambia. Anasema mji umenilainisha. Akakata simu.

Jumatano, 19 Machi

Nimelazimisha Wambui anipeleke Kajiado, soko la mbuzi. Parsaloi alikuwa katikati ya mbuzi wake, shati limeloa jasho, na upepo ni wa kuvaa koti. Amesema ni mchoko tu. Nimebembeleza. Amekataa. Nikamwita mwoga, watu wakisikia. Kwa rika letu neno hilo haliambiwi mtu. Amegeuka akaenda bila kuaga.

Wambui anasema nimeharibu. Sijutii. Kama hasira itamfikisha hospitali, anichukie.

Jumapili, 23 Machi

Parsaloi amekufa. Kwa kiti nje ya nyumba yake, redio ikiendelea. Mke wake alidhani amelala.

Nimemkasirikia. Mjinga yule. Sijala.

Jumamosi, 29 Machi

Tumemzika. Mchungaji amesema ameenda kama mwanaume, bila hata kuguna. Wazee wameitikia. Wa rika letu wameitikia kwa sauti zaidi. Mimi sikuitikia. Nilitaka kusimama niseme, nikabaki kitini.

Baadaye Mama Naserian, mjane wake, ameniita kando. Amesema mimi ndiye najua ugonjwa huu, kwa hivyo nimwambie ukweli, asilale akiwaza. Kama aliumia.

Nimemwambia hapana. Hakuumia hata kidogo.

Amefunika uso kwa shuka aliyojifunga begani. Amemshukuru Mungu, tena na tena. Kisha ameenda kuniletea chakula, nami nimekaa hapo nikamngoja.