Namba Mbili Niliyoitoa Mwenyewe

Linbian, 9 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta una nguvu, na kwamba goti lako limepunguza kukusumbua sasa baridi inapoanza kuondoka huko Yuli. Mama naye hajambo? Mwambie mchele aliotuma umefika salama, na kwamba Bi Shih, mwenye duka la dawa ninakojifunza kazi, ameuonja akaniuliza kama Mama anaweza kuja kuolewa huku. Mimi ni mzima. Nakula vizuri na nalala vizuri, na hilo la kulala utaona mbele kwa nini nimelitaja.

Barua yako niliipata juzi. Nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Unasema umemaliza kumwandikia malalamiko mkuu wa idara yetu, kurasa nne, umeyapiga muhuri wako mwekundu, na Jumanne unapanda treni kwenda chuoni Kaohsiung kuyakabidhi mkono kwa mkono, ili wakueleze ilikuwaje mtoto wako akaangukia namba arobaini na nne. Baba, nakuomba kwa heshima zote, usiende. Kura ilikuwa ya haki. Mkuu wa idara hana kosa, na yule karani uliyemwita mla njama hana kosa, maskini, kazi yake ilikuwa kushika kopo tu. Mwenye kosa ni mimi. Nitakueleza lote, ila niruhusu nilieleze polepole, maana nikianzia mwisho utaikunja barua kabla hujaimaliza. Nakujua.

Siku ya kuchagua mahali pa mafunzo tulikuwa arobaini na sita darasani. Orodha ya maduka ya dawa ilibandikwa ubaoni, na kila mmoja alitia mkono kwenye kopo la biskuti akatoa karatasi yenye namba. Mwenye namba moja huchagua kwanza, na wa mwisho huokota kilichobaki. Karibu wote tulilitaka duka moja, lile kubwa linalotazamana na hospitali, ambako nilifanya kazi ya likizo Agosti iliyopita. Lina mashine ya kufungasha vidonge, lina kiyoyozi kila pembe, na wanaojifunza pale wengi huajiriwa palepale. Wewe ulikuwa umeshawatangazia wastaafu wenzako wa reli kwamba nitavaa koti jeupe la duka lile.

Jioni nikakupigia simu nikakwambia nimepata arobaini na nne. Ukasema nne kwetu hutamkwa kama kifo, na hiyo ni kifo mara mbili, namba ambayo hata hospitali hawathubutu kuiweka kwenye mlango wa chumba cha mgonjwa, sembuse kumpa mtoto wa mtu. Mama aliniambia baadaye kwamba siku hiyo hukugusa chakula. Nami nikakuacha uhuzunike. Hilo ndilo la kwanza ninalokuomba radhi, kwa sababu karatasi niliyoitoa kwenye kopo ilikuwa na namba mbili.

Arobaini na nne ilikuwa ya Po-lun, yule kijana mrefu anayekaa nyuma yangu. Alikuwa amejiinamia, ameshika tama, akaniuliza kama nadhani anaweza kuiangusha ile karatasi dirishani. Nikamwambia tubadilishane. Aliniuliza kama nina homa, kisha akasema leo hana moyo wa utani. Alipoona sicheki, aliita wenzetu wawili akaniambia, “Haya, sema tena mbele yao, nisije nikasikia kesho unalia kwamba Po-lun kakuibia.” Nikasema tena. Zamu yangu ilipofika yalikuwa yamebaki maduka matatu, nikachagua la Linbian, ambalo hakuna aliyelitaka kwa sababu lipo mbali na lina chumba kimoja.

Utaniuliza, kama nililitaka la Linbian, si ningelichagua tu nikiwa na namba mbili? Ningeweza. Lakini darasa zima lingeniuliza kwa nini, na wewe ungekuwa wa kwanza. Nilitaka ionekane ni mkosi, kwa kuwa mtu mwenye mkosi hupewa pole, haulizwi maswali.

Sasa nikwambie kidogo habari za hapa, ndipo utaelewa. Bi Shih amepita miaka sitini, ni mfupi, na ulimi wake haupumziki. Siku ya kwanza aliniuliza nilipata namba ngapi, nikamwambia, akacheka mpaka miwani ikamtoka. Akasema basi karibu, umefika penyewe. Wazee wa mji huu hawamezi dawa yoyote ya hospitali mpaka Bi Shih aione. Wakitoka kwa daktari wanakuja moja kwa moja, wanaumwaga mfuko mzima juu ya kaunta, pamoja na matufaa ya shambani kwao na malalamiko kuhusu wakwe zao. Bi Shih anasoma cheti cha daktari, anafungua kila pakiti, analinganisha, kisha anafunga upya. Kwa wasiojua kusoma anachora jogoo kwa dawa ya asubuhi na mwezi kwa ya usiku. Jogoo wake, kusema kweli, anafanana na birika.

Wiki ya kwanza nilimwambia kwa adabu kwamba huko ni kujichosha bure, kwani dawa zimeshakaguliwa kule zilikotoka. Akanijibu bila hata kunitazama, “Mwenzangu wa kule ana macho mawili na watu mia tatu. Mimi nina macho mawili na watu ishirini. Wewe hesabu.”

Baba, hapa ndipo penye jambo lenyewe.

Agosti, katika duka lile kubwa, kazi yangu ilikuwa kutoa dawa rafuni kufuata cheti, na mfamasia ndiye aliyekagua na kupiga muhuri. Siku moja foleni ilifika mlangoni. Alikuja Bibi Kuei-mei, mwenye miaka sabini na tisa, anayetumia dawa ya presha. Cheti kilisema miligramu tano, mimi nikachukua za kumi. Maboksi yake yanafanana kama mapacha. Mfamasia alikuwa ameelemewa, akapiga muhuri, bibi akaenda zake. Saa kumi na moja, nilipohesabu rafu, boksi moja la tano lilizidi na la kumi lilipungua. Nilijua papo hapo ni la nani, kwa sababu siku hiyo dawa ile nilikuwa nimemtolea yeye tu, naye alikuwa amenisimulia kwamba anakaa nyuma ya soko la Linbian, na kwamba mwezi ujao ataichukua dawa yake duka la karibu na nyumbani. Namba yake ya simu ilikuwa kwenye cheti. Simu ilikuwa ukutani, hatua tatu kutoka niliposimama.

Sikupiga. Niliogopa kufukuzwa, na niliogopa uso wako mbele ya wastaafu wenzako. Nikajiambia mtu ataona. Kesho yake sikupiga kwa sababu jana sikupiga, na hivyo hivyo ikawa miezi sita. Kila nilipofunga macho nilimwona bibi wa watu ameanguka bafuni peke yake. Ndiyo maana nililichagua duka hili. Nilitaka kujua nilimfanya nini. Kwenye mkoba wangu nilikuwa na fomu ya kuacha chuo, nimeshaijaza na kutia sahihi, bado tarehe tu. Kama ningemkuta amekufa au ameumia, ningejisema na nisingeshika tena dawa ya mtu.

Siku tisa nilishindwa hata kulitaja jina lake. Siku ya kumi mlango ukafunguliwa, akaingia Bibi Kuei-mei mwenyewe, kwa miguu yake miwili, anamtukana mbwa wa jirani. Nilichuchumaa nyuma ya kaunta nikijifanya natafuta bahasha. Nililia huko chini bila sauti. Bi Shih aliniona, akamhudumia bibi kana kwamba sipo, na alipoondoka akafunga mlango akaniuliza nina nini. Nikamwaga yote.

Alitoa daftari lake la Agosti, akafunua, akaniwekea kidole: Kuei-mei, dawa ya presha, nguvu mara mbili, imerudishwa na kubadilishwa. Ilikuwa ni jioni ileile. Bibi hakuwa amemeza hata kidonge kimoja. Baba, sijui nikuelezeje. Nilihisi mwili mzima mwepesi, nikacheka na kulia kwa pamoja kama mtu aliyechanganyikiwa. Nafuu ya namna hiyo sijawahi kuionja tangu nizaliwe.

Bi Shih aliniacha nimalize, ndipo akanipa ukweli wangu. Alisema kuchukua boksi silo kumempata yeye, kumempata mwalimu wake, na kutanipata tena. “Lakini wewe saa kumi na moja ulikuwa unajua,” akasema, “na simu unaiona. Hapo ndipo nusura umuue, si pale rafuni.”

Alasiri ile nilikwenda nyumbani kwa Bibi Kuei-mei nikamwambia mwenyewe. Alinipandisha na kunishusha kwa macho, akasema, “Kumbe ni wewe! Ningekufa mimi, ungenikoma. Ningekuja kukuvuta miguu kila usiku.” Kisha akanyoosha mkono nimpime presha, akanionya nisikosee na hiyo. Yule mfamasia wa duka kubwa nimemwandikia pia. Amenijibu mistari miwili, mikavu, na nimestahili. Fomu ya kuacha chuo nimeichana.

Basi, Baba, ulikuwa unataka kumpigania mtoto aliyedhulumiwa, na mtoto huyo hayupo. Yupo huyu niliyekueleza. Ukiwa na hasira, niandikie hasira yako yote, nitaisoma mpaka mwisho.

Jambo moja zaidi. Jana asubuhi nilimpa mama mmoja chupa ya dawa ya kikohozi, na kabla hajafika mlangoni nikaona ni ya watu wazima, naye aliomba ya mtoto. Hofu haijapata hata nafasi ya kunishika, nikasikia sauti yangu inaita duka zima lisikie, “Mama, subiri! Bi Shih, nimekosea!” Bi Shih hakuinua kichwa kwenye hesabu yake ya vidonge. Alisema tu, “Rudisha, mpe nyingine.”

Nisalimie Mama, mwambie nitakuja kuwaona mwezi wa nne mafunzo yakisimama. Wasalimie wazee wa reli, na ukitaka uwaambie kwamba koti langu jeupe lina kiraka mfukoni. Ulitunze goti.

Ni mimi binti yako,
Kang Yu-tsen