Ganda la Aikande

Jumatatu, 3 Juni
Itangazwe kwa wakazi wote wa Njoro: leo jioni, kati ya kukamua ng'ombe na kusahihisha madaftari, nyumba hii imepokea mgeni kutoka kilindi cha bahari. Konokono. Ganda tupu, dogo kuliko punje ya mahindi, ndani ya kasha la kiberiti. Hotuba haikusomwa.

Kaleta Aikande, niliyemfundisha zamani. Siku hizi yuko kwenye meli ya utafiti, sasa likizo kwao Kilema. Kaniazima niwaonyeshe wanafunzi. Jumamosi linaanza safari ya kurudi maabara. Ganda zima la spishi hii analo hilo moja tu.

"Mwalimu, wewe ndiye ninayekuamini."

Kosa lake hilo.

Jumanne, 4 Juni
Kidato cha Pili wamelitazama kwa lenzi. Mmoja kauliza kama si kokoto. Kweli lina ukoko wa kijivu. Nimeona aibu kwa niaba ya bahari.

Jumatano, 5 Juni
Ganda halipo. Nimemwambia mke wangu panya kalibeba. Uongo. Ukweli sitaki kuuandika hata humu.

Alhamisi, 6 Juni
Sikai, sisimami. Nimepekua migomba nikitafuta kikonokono cha kufanana.

"Baba Eliya, siku hizi unachunga konokono?" Mke wangu, dirishani.

Nimepata kimoja. Kikatoa pembe, kikanitazama. Nimekirudisha.

Ijumaa, 7 Juni
Aikande kapiga simu. "Shikamoo, Mwalimu. Kesho napita kulichukua." Nikasema karibu. Chai imenishinda. Mwoga mkubwa mimi.

Jumamosi, 8 Juni
Sikumsubiri. Nimepanda Kilema asubuhi na jani la isale mfukoni, limefungwa fundo. Kwetu, ukiletewa isale huwezi kukataa kusamehe. Nilipomwona mlangoni nikaona nikilitoa nitakuwa nimemfunga mikono. Nikaliacha mfukoni, nikasema.

Nilitaka ganda ling'ae. Nikalitia kwenye maji ya ndimu, nikaenda kufundisha. Niliporudi umebaki utando. Panya hakuwepo. Miaka ishirini na sita nafundisha kwamba asidi hula chokaa.

Aikande alitoa kalamu. Kisha akauliza ndimu ngapi.

"Mbili."

Akaandika kwenye daftari lake. Hakusema amenisamehe. Alinisindikiza hadi barabarani, tukaagana kwa mkono. Jani nimerudi nalo.