Sale la Msamaha, Sale la Mpaka

Moshono, Arusha

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu umepungua maumivu? Na bibi, bado anaota jua kila asubuhi? Huku baridi ya Meru imetubana, lakini mimi na mjukuu wako tunapumua.

Uliniomba nirudi Songea. Nakujibu kwa barua kwa sababu kwenye simu ungelia, nami ningelainika.

Tangu mume wangu afariki tunaishi kwa maua ninayolima hapa nyumbani na kuwauzia wapambaji wa harusi. Mwezi uliopita nilitoka Kijenge kupeleka mzigo, nikakuta shemeji Eliamani, mdogo wa marehemu mwenye kiwanja cha jirani, amefyeka mayungiyungi yangu na kuchimba msingi wa nyumba upande wangu.

"Maua meupe ni ya makaburini," akaniambia. "Mjane akiyapanda anaita msiba mwingine."

"Hayo ndiyo wanayobeba mabibi harusi wa mji huu," nikamjibu. "Fukia shimo lako."

Hakufukia. Nikaenda kwa baba yao mkubwa, aliyeshuhudia sisi tukinunua kiwanja hiki.

Jumapili wakaja wote wawili. Shemeji alishika kitawi cha sale. Mama, sale ni mmea wa majani marefu. Kwa Wachagga aliyekosa hulipeleka kuomba radhi, na anayeletewa hakatai.

"Nimekuja na sale, shemeji," akasema huku anatabasamu. "Yaishe. Msingi nao ubaki."

Nikalipokea kwa mikono miwili. Nikamwambia nimemsamehe, na ni kweli. Kisha nikamgeukia mzee.

"Baba, mpakani mwa viwanja mnapanda nini?"

"Sale."

"Na likishapandwa?"

Akamtazama shemeji. "Haling'olewi."

Nikachukua jembe, nikalipanda pale pale ulipokuwa mpaka wetu. Mzee akaja akashindilia udongo kwa kiatu chake cha kanisani. Jana shemeji alianza kufukia shimo, nami nimeshapanda mayungiyungi upya.

Kwa hiyo sirudi, mama. Mwambie kaka Kostansi chumba alichoniandalia aweke mahindi. Msalimie bibi, na mama mdogo aliyenifundisha kushika jembe. Njoo wewe huku, nitakupokea stendi.

Ni mimi binti yako Skolastika, niliye kwangu.