Kipara Nilichokijaribia Kamera

Shoga, kaa chini kwanza. Kitendawili: uwanja wangu hauna hata unyasi, ukimulikwa unamulika. Ndiyo, kipara.

Unawajua wanaume wa kwetu, wote vichwa vitupu, na kwenye picha hutoka kama taa zimewashwa. Jumamosi wakwe wanakuja kumposa mjukuu wangu, basi leo nikaenda kununua kamera ya maana.

Muuzaji akaniwekea kamera tatu za wanaoanza kupiga picha. "Jaribu, bibi." Nimjaribie nani? Mbele yangu kasimama mwanamume, kanipa kisogo, kipara kinang'aa. Nikakipiga picha kwa zote tatu. Tena nikasema kwa sauti, "Hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta."

Akageuka.

Ni baba wa bwana harusi, shoga. Mkwe mwenyewe. Siku ile walipokuja kujitambulisha alivaa kofia, ningejuaje?

Nikajua posa imefia dukani. Akaziomba zile picha, akazitazama moja moja.

"Chukua ya pili," akasema. "Ya kwanza imenifanya balbu."

Nimeinunua. Nafika mlangoni, akaniita: "Mama, Jumamosi usiisahau hiyo kamera. Nina kaka wanne, wote ndio hivi hivi."